Fundi Giza na Gauni la Kabula

Wajukuu zangu wa cherehani, mwalimu wenu alipokuja kuniomba nizungumze nanyi habari za kazi, nilimwambia amekosea nyumba. Fundi hasa alikuwa Sefu, aliyenifundisha, naye ametangulia mbele ya haki. Mimi nilishona tu. Nilishona mjini Shinyanga, nikashona machimboni Geita, na karibu miaka yote hiyo nilikuwa mtu mwenye haya moyoni. Mwalimu akasema, basi Mzee Masanja, njoo uwaambie hizo haya. Nikaona afadhali niseme kuliko kuwadanganya kwamba nilizaliwa na mkasi mkononi.

Kwanza fumbeni macho kidogo. Wote, na wewe uliyeshika simu. Sasa mtazame mama yako amesimama jikoni. Kanga yake ni ya rangi gani? Amejifunga kiunoni au mabegani? Najua wengi wenu mmeiona, na huyo wa nyuma ametabasamu kabisa. Mimi nikifumba macho sioni mama, sioni jiko, sioni kanga. Naona giza la kope zangu, basi. Ninajua mama yangu alikuwa mfupi na alikuwa na mwanya, naweza kukueleza habari zake mpaka uchoke kusikiliza. Ila kumwona, hapana. Nikiwa macho, sijamwona tangu tulipomzika.

Nilipokuwa kijana sikujua kwamba wenzangu wanaona. Mtu akisema, "Namwona hivi, kama yuko mbele yangu," nilidhani ni namna ya kusema tu, kama anayesema roho imemruka, na sisi sote tunajua roho haijaenda popote. Nilikuja kujua ukweli barazani kwa Fundi Sefu, vita kuu vilipokwisha na kitambaa kikaanza kuonekana tena madukani.

Sefu alikuwa Mzaramo aliyekuja na reli akapenda Shinyanga, akaweka cherehani yake kwenye baraza ya duka la nguo. Sisi Wasukuma na Wazaramo ni watani, kwa hiyo siku yangu ya kwanza aliniuliza kama nimekuja kushona au kuchunga. Alikuwa na namna yake ya kazi. Mteja akija alimzunguka mara moja, akamwambia akae, halafu yeye akafumba macho kama anayesikiliza mvua kwa mbali. Akifumbua anachukua chaki na kuchora moja kwa moja, futi ya kupimia haigusi. Alituambia wanafunzi wake, "Nguo inakuja yenyewe, imekwisha kuvaliwa, inatembea. Mimi naifuata kwa mkasi."

Siku moja alituketisha mbele ya mteja, mzee mmoja mnene aliyetaka kanzu. Akasema, "Fumbeni macho, muione kanzu." Wenzangu wakafumba, wakaanza kusema: mmoja anaiona imebana kwapani, mwingine anaona pindo linagusa kisigino. Ikafika zamu yangu.

"Masanja, unaona nini?"

"Giza, fundi."

Baraza zima likacheka. Yule mzee mnene alicheka mpaka akashika nguzo. Sefu akasema, "Msukuma anamjua ng'ombe wake mmoja kati ya kundi zima, kanzu moja inamshinda! Tazama vizuri."

"Natazama, fundi. Ni giza tu."

Mngekuwapo, mngenihurumia nilivyojikunyata. Tangu siku hiyo jina langu likawa Giza. Wateja waliuliza, "Fundi Giza yupo?" na mwenye duka naye akalishika. Nilitamani ardhi ipasuke. Kuitwa mvivu ningevumilia, maana mvivu anaweza kuamka mapema kesho yake. Mimi ningefanya nini na kichwa kisicho na dirisha?

Kisha nikalithibitisha jina hilo kwa mikono yangu. Nilipewa kitambaa cha drili nikate kaptula ya karani wa baraza la mtemi. Nikajaribu kukata kama Sefu, kwa kufumba macho na kujifanya. Nikakata miguu yote miwili ya kushoto. Sefu akaiinua juu wapita njia waione, akasema, "Karani akivaa hii atakuwa anatembea kwa kuzunguka nyumba." Watu wa utani hawana huruma. Nililala bila kula siku ile, si kwa kukosa njaa, ila sikutaka kupita mbele ya watu kwenda kwa mama ntilie.

Hapo ndipo nilipoanza karatasi. Nilikusanya karatasi za mifuko ya saruji, nikaipima ile nguo mwilini mwa mtu kipande kwa kipande, nikaikata kwanza kwenye karatasi, nikamzungushia mtu karatasi hiyo kwa pini, ndipo nikakata kitambaa. Wenzangu walinicheka kwamba ninawavisha watu saruji. Leo nyote mnakata karatasi na hamuoni ajabu, lakini msinipongeze. Nilifanya hivyo kama kipofu anavyoshika fimbo. Nawaambia jambo moja tu la kazi: mshono wowote uachieni akiba ya kitambaa ndani, vidole viwili, kwa sababu mwili wa mtu haukai pale ulipouacha. Mtalikumbuka hilo mbele kidogo.

Nikaoa. Nilimwoa Kabula, binti wa wakulima wa pamba upande wa Kolandoto, tukapanga chumba mtaa wa Ngokolo, palepale mjini. Kabula alikuwa na maneno machache na macho makali. Jambo moja lilimkera kwangu: nilikuwa namtazama. Asubuhi akiwasha moto ninamtazama, akisuka ukili ninamtazama. Alikuwa ananiuliza, "Umeona nini?" Nami nasema, "Hakuna, macho hayana pazia." Kwao ndiko hali ilikuwa mbaya zaidi. Kwetu mama mkwe hatazamwi usoni, nami niliwahi kujisahau nikamkodolea macho yule mama mpaka akageuka akaenda ghalani. Waliniweka kwenye kundi la watu wasiofunzwa.

Miaka ya hamsini ilipoanza, kazi mjini ikawa haba, mafundi tumekuwa wengi kuliko suruali. Tukasikia Geita wachimbaji wanavaa. Nikamwacha Kabula Ngokolo, nikapakia cherehani kwenye treni hadi Mwanza, nikavuka ziwa, nikapanda lori, nikaweka kibanda changu karibu na njia ya mgodini. Jina la Giza lilifika kabla yangu. Sijui lilipanda lori gani.

Wachimbaji walikuwa wametoka kila pembe, hadi kutoka Nyarugusu walikuja kwangu, na wengi waliacha wake nyumbani. Nguo iliyotakiwa kuliko zote ilikuwa gauni la mke aliye mbali. Huyo mke humwoni, huna uzi wa kumpimia, una mume wake tu anayekuchorea hewani kwa mikono. Mafundi wa pale waliita kazi hiyo kushona kwa maelezo.

Mmoja wa wachimbaji hao alikuwa Zakaria, Muha wa Kasulu, mtu wa kupiga nyundo chini ya ardhi. Alikaa kwenye kigoda changu, vumbi la mwamba liko bado kwenye nyusi zake, akafumba macho mwenyewe bila kuambiwa.

"Huyu hapa, fundi. Amesimama mlangoni, ameshika mtungi. Kiuno hiki hapa." Akaweka mikono hewani. "Shingo ndefu. Anacheka."

"Unamwona kweli?"

"Kama ninavyokuona wewe. Hata vizuri zaidi, maana wewe una uso mbaya."

Nilimcheka, lakini moyoni niliumia. Mtu huyu alikuwa hajafika kwao kwa muda mrefu, anatoka shimoni amechoka, anafumba macho na mke wake yuko mlangoni anacheka. Mimi nilikuwa nimemwacha Kabula juzijuzi tu, nami nikifumba macho hayupo. Nilijiuliza kama nina moyo kama wa watu wengine. Nikajaribu, nikakaa nyuma ya kibanda nimefumba macho kama mwendawazimu, namwita jina lake. Giza. Nikaanza kuamini kwamba simpendi mke wangu, ila sijajijua tu.

Gauni la Zakaria nililishona jinsi alivyomwona. Alilipokea kwa machozi, akaenda nalo likizo. Aliporudi alikuja nalo hadi kibandani, wateja wamejaa, akanitupia mapajani.

"Giza! Umenishonea gauni la mtoto! Halikupita hata mabegani!"

Nikaeleza kwamba nimefuata mikono yake. Akasema mke wake ameshamzalia watoto, amenenepa, yeyote angejua. Watu wakacheka. Nikachukua lawama yote, nikainamisha kichwa, kwa sababu ningesemaje? Ningesema yule uliyemwona ni wa siku ya harusi? Ilinichukua muda mrefu kuelewa kwamba Zakaria hakunidanganya. Alimwona mke wake kweli, ila kichwa chake kilikuwa kimemsugua na kumng'arisha kila alipomtoa, mpaka akawa mzuri kuliko alivyo na mwembamba kuliko alivyo. Na mimi sikuwa nimeacha akiba ya kutosha kwenye mshono.

Wiki ile, kwa uchungu, nilikata gauni la Kabula. Sikuwa na kipimo chake. Nilitandaza kitambaa cha maua madogo ya buluu, nikaweka viganja juu yake, na viganja vikasimama pale Kabula anapoishia. Sijui niwaambieje. Sikumwona. Nilijua tu kwamba hapa ni bega, na kwamba bega la kushoto liko chini kidogo, kwa sababu alivunjika mtulinga utotoni alipoanguka kwenye mkokoteni wa ng'ombe. Nilijua atakuwa amepungua, kwa kuwa ni msimu wa kuvuna pamba kwao, na huwa hali chakula vizuri akiwa na kazi. Nikakata, nikapiga bandi za kushikiza, nikashona, nikalificha sandukuni, chini ya nguo zangu. Niliona haya wenzangu wasilione: Giza anashona kwa maelezo, na hana hata wa kumpa maelezo.

Nilirudi Ngokolo baada ya mavuno mawili. Kabula alinipokea vizuri, akasonga ugali, jirani yetu mama Sayi akaja kunisalimu. Mama Sayi mume wake naye alikuwa ametoka machimboni, na alikuwa amemwambia mkewe kwamba kila jioni alikuwa anamwona mbele ya macho yake. Kwa hiyo Kabula, akiwa anapakua, akaniuliza kwa utani, mbele ya mgeni.

"Na wewe baba, huko Geita ulikuwa unaniona?"

Nyinyi mngesema ndiyo. Mtu yeyote mwenye akili angesema ndiyo. Mimi nilikuwa nimekaa na swali hilo muda wote ule likinitafuna, likatoka lenyewe.

"Hapana. Sikukuona hata siku moja."

Mama Sayi akacheka kwa kushtuka, akaweka mkono mdomoni. Kabula akamaliza kupakua, akaninawisha mikono, na kesho yake asubuhi nilipokwenda kutafuta kazi alichukua kikapu akaenda kwao. Gauni lilikuwa bado sandukuni, sijalitoa, maana nilikuwa nangoja mgeni aondoke.

Mtu anayekwenda ukweni kumfuata mke hana sura. Nilikwenda na gauni kwapani limefungwa gazeti. Mzee Ngasa, baba yake Kabula, alikuwa amekaa nje na ndugu zake wanachambua pamba. Nikamwamkia, akaitikia, akanipa kigoda kilicho mbali.

"Mkwilima," akasema, yaani mkwe, "mwanangu anasema ukiwa mbali humkumbuki. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo, lakini hatukujua ni mke pia."

"Namkumbuka, baba."

"Anasema ulikiri mwenyewe kwamba humwoni."

"Kumwona simwoni. Namkumbuka."

Wakatazamana. Nilisikia aibu inapanda kutoka miguuni. Nikatoa gauni, nikamwomba Kabula alivae. Akaingia ndani, akatoka amelivaa, na lilimkaa kama limeota pale. Bega la kushoto limeshuka kama lake, kiuno kimepungua kama chake. Shangazi zake wakapiga vigelegele. Mimi nikadhani nimepona.

Kabula akajitazama, akalainisha pindo kwa kiganja, akasema taratibu, "Hayo hata mkasi unayajua. Umenipima, Masanja. Sikukuuliza kama ulinipima."

Vigelegele vikakatika. Wajukuu zangu, nimechekwa barazani, nimetupiwa gauni mapajani mbele ya wateja, lakini sijaona aibu kama ile. Kazi yangu nzuri kuliko zote ilikuwa imesimama mbele yangu na haikunisaidia kitu. Mzee Ngasa akasema, "Basi tueleze, huko unamwazaje mtu?"

Mficha uchi hazai. Nikaeleza. Niliwaambia habari za giza, za kanzu ya yule mzee, za Zakaria na mtungi. Nikawaambia kwamba hata mama yangu mzazi siwezi kumrudisha, kwamba huwa namwona ndotoni mara mojamoja na nikiamka nanyang'anywa hapohapo. Nilikuwa sijawahi kumwambia mtu hayo. Nilisema huku nalia, mwanamume mzima, ukweni, na shangazi mmoja akauliza kwa sauti ya chini kama nimewahi kupelekwa kwa mganga.

Mzee Ngasa akanikatiza kwa ukali. "Sasa mbona hata hivi unamkodolea macho mwanangu? Mama yake pia analalamika, unatukodolea sote. Ni tabia gani?"

Kweli nilikuwa namkodolea macho Kabula tangu alipotoka na gauni. Nikasema, "Baba, ninyi mkimtazama mtu mnaondoka naye. Mimi sina pa kumweka. Nikigeuza shingo amekwisha. Ndiyo maana namtazama, nikiwa naye simalizi kumtazama."

Hakuna aliyecheka. Kabula alikuwa ameshika lile pindo bado. Akasema, "Kumbe." Kisha akasema, "Miaka yote hii nilidhani unanitafutia kasoro."

"Hapana."

"Nami nilikaa Ngokolo peke yangu nakuona na mwanamke mwingine huko machimboni. Namwona mpaka vidani vyake. Alikuwa mweupe."

"Sikuwa na mwanamke."

"Najua sasa. Lakini nilimwona." Akaingia ndani, akatoka na kikapu chake.

Tulirudi pamoja, yeye mbele, mimi nyuma nikimtazama kisogo. Msidhani aibu iliisha siku ile. Nilirudi kuwa Giza barazani, na nilipofungua duka langu walioniudhi waliliandika jina hilo ukutani kwa mkaa. Sefu alikufa anaamini nilikuwa mvivu wa kutazama. Sikumlaumu, mtu anayeona hawezi kujua kwamba mwenzake haoni.

Mjukuu wangu Neema anasoma saikolojia chuo kikuu. Nilipomsimulia, nikiwa tayari kuchekwa tena, alisema, "Babu, watu kama wewe wapo." Akanieleza kwamba kuwazia si kitu kimoja. Kuna kumrudisha mtu uliyewahi kumwona, kama Zakaria, na huko mtu huchanganya kumbukumbu na matamanio asijue. Kuna kuunganisha vitu mpaka kitokee ambacho hakijakuwapo, kama kanzu ya Sefu inayotembea. Kuna wanaosikia sauti kichwani na wanaoshika kwa mikono kitu kisichokuwapo. Kuna na huko kwa Kabula, kuwazia kwa hofu, kunakomwumba mwanamke mweupe na vidani vyake. Na kuna kujiweka moyoni mwa mwingine, ambako anasema hakuhitaji picha kabisa. Anasema wataalamu bado wanabishana wapi moja linaishia na jingine linaanzia. Nilimsikiliza kwa makini, nikafurahi kwamba sina wazimu. Ila nimekaa na haya zangu umri mzima. Haziondoki kwa kuambiwa tu kwamba wenzangu wapo.

Kwa hiyo nisikilizeni, nyinyi mnaoshona. Mmoja wenu akimwambia mwalimu "naona giza", msimcheke. Mpeni karatasi.

Kabula yupo. Macho yake yote mawili yamefunikwa na mtoto wa jicho, na daktari amesema umri haumruhusu kupasuliwa. Juzi asubuhi alikuwa bado kitandani, dirisha limefungwa kwa sababu ya baridi, chumba ni kiza. Akaniambia ananiona vizuri tu: nina nywele kama za ujana wangu, nimevaa kaptula ya drili yenye kiraka nilichokishona vibaya, na namkodolea macho. Akacheka peke yake. Halafu akauliza, kama alivyouliza siku ile ya ugali, "Na mimi, Masanja, unanionaje?"

Haya ileile ikanipanda kutoka miguuni. Nikamwambia, "Subiri." Nikainuka, nikafungua dirisha, nikarudi nikakaa karibu naye, nikamtazama, ndipo nikamjibu.